Breki za Mwalimu

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulize wazee wenzake, mimi sitayaingilia. Nilipoanza kupata akili na kutambua watu, alikuwa tayari ni Mwalimu, chaki mfukoni na saa mkononi, na mpaka leo sijasikia mtu wa huku kwetu akimwita jina lingine. Mkewe mwenyewe humwita Mwalimu. Mkewe sisi tunamwita Mama Mwalimu. Nafikiri hata ng'ombe wake wanajua, maana akikohoa tu wanaacha kutafuna.

Mimi ni jirani yake, na kabla ya kuwa jirani nilikuwa mwanafunzi wake wa hesabu. Nilikuwa nakaa karibu na dirisha nikiangalia malori ya majani chai yakipita, basi akanibatiza Dirisha. Sasa nina bibi, nina watoto, nina chai na ng'ombe wa maziwa, nina mvi, na bado mzee akisimama kwenye ua na kuita, "Dirisha! Uko?" mimi naacha jembe nakimbia. Usinicheke. Ungekuwa wewe ungekimbia pia.

Lazima nikueleze tunavyokaa, la sivyo hutanielewa. Barabara yetu ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, inatoka upande wa Kedowa, inapanda kilima, halafu inashuka. Nyumba ya Mwalimu iko juu kabisa, yangu inafuata, na chini kabisa, pale barabara inapokunja kona, kuna kituo cha kuuzia majani chai. Siku za kupima, watu hukaa pale na vikapu vyao saa nzima, wengine kwenye benchi, wengine chini kwenye nyasi, wakingoja karani na lori. Kati ya nyumba ya Mwalimu na watu hao hakuna kitu kingine ila mteremko. Mvua ikinyesha, na huku kwetu hunyesha karibu kila alasiri, murram ile huteleza kama sabuni.

Na Mwalimu ana pikapu.

Aliinunua alipostaafu, ikiwa tayari imezeeka, nyeupe ya kale. Siku ya kwanza aliyoileta nyumbani alizunguka nayo akiikagua kama daftari la mtoto aliyenakili kwa jirani, kisha akatangaza kwamba hakuna fundi atakayeigusa. "Fundi anakaza nati huku anaongea na simu," alisema. "Anaongea na msichana, anacheka, mkono unafanya kazi peke yake. Sasa mimi nishuke na hiyo nati hapa kwa kilima?" Injini angeweza kumwachia mtu. Taa, sawa. Lakini breki, hapana. Breki alijifunza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kufungua na kufunga, na kwa kuwauliza mafundi wa Kericho maswali mpaka wakawa wakimwona wanajificha.

Alikuwa akibadilisha pedi na diski za breki hapohapo nyumbani, kando ya zizi, mahali alipopasawazisha kwa jembe mpaka chupa ya maji haikuweza kubingirika. Ilikuwa ni kama ibada. Kwanza mawe nyuma ya magurudumu. Kisha analegeza nati gurudumu likiwa bado chini, ndipo anaweka jeki. Jeki hakuiamini hata siku moja. Akishainua gari anasukuma gogo la mkaratusi chini yake, analipiga teke, anatikisa gari kwa bega. Halafu anatandika gunia la mbolea na kupanga kila kitu kwa mpangilio alivyokitoa, na kwa chaki anaandika namba kando ya kila bolti. Chaki hazikumwishia mfukoni hata baada ya kustaafu. Sijui alikuwa anazitoa wapi.

Mimi niliitwa kuangalia. Si kusaidia, kuangalia. "Kaa hapo, Dirisha, na leo uangalie huku, si barabarani." Nikitaka kushika kitu ananipiga kofi mkononi. Alikuwa akiongea na gari, na mimi nikawa nasikia. Akitoa kalipa, ile inayobana diski, hakuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Aliifunga kwa waya juu. "Wewe ungependa kuning'inizwa kwa koo?" ananiuliza. Nasema hapana, Mwalimu. Pistoni aliirudisha ndani taratibu kwa klempu, akiweka pedi kuukuu katikati ili isikwaruzwe. Diski mpya zinakuja zimepakwa mafuta ya kiwandani, basi anazifuta kwa petroli na kitambaa cheupe, anafuta tena, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. "Ukiacha haya mafuta," alikuwa akisema, "umejifungia breki za siagi."

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja: hafungui pande zote mbili kwa pamoja. Anafungua kushoto, kulia kunabaki kumefungwa. Akisahau kijiwaya kinaingia wapi, anaenda upande wa pili, anachungulia, anarudi. "Upande mmoja ni swali," alisema, "upande wa pili ni jibu. Mjinga anafungua zote mbili, halafu anabaki na maswali mawili." Alilisema hilo kila mara, kwa sauti ileile ya darasani, na kila mara aliningoja nicheke. Nilicheka kila mara.

Akimaliza, anakanyaga kanyagio mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka liwe gumu, kisha anaendesha peke yake hadi kanisani na kurudi, akienda kidogo, anasimama, anaenda, anasimama, ili pedi na diski zizoeane. Watu njiani walikuwa wakimcheka. Yeye anafungua dirisha anawaambia, "Chekeni. Siku mtakapovuka barabara mtanishukuru." Na kwa kweli hapakuwa na gari katika eneo lote hili lililosimama vizuri kama lile. Unakanyaga, linasimama.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa mengine pia. Alituchapa kwa kuchelewa, na yeye mwenyewe sijamwona akiwahi kanisani hata Jumapili moja. Anaingia mahubiri yakiwa katikati, anakaa mbele, na mhubiri akikosea hesabu ya miaka ya wafalme wa Israeli anamrekebisha kwa sauti. Alituambia sote tung'oe chai tupande parachichi, chai haina maana, na yeye hakung'oa hata mche mmoja. Asubuhi unamkuta kwenye mistari akichuma mwenyewe, majani mawili na kichipukizi kimoja, kama alivyofundishwa na mama yake. Simu aliziita takataka. Lakini binti yake, ambaye ni nesi ng'ambo, akimtumia ujumbe wa sauti, mzee anakaa jikoni anaisikiliza, anarudia, anarudia, mpaka Mama Mwalimu anamwambia, "Wee, si umesikia?" Naye anajibu kwamba anahakikisha.

Sifa hakutoa. Ukifanya vizuri anasema, "Endelea." Basi. Nilipojenga nyumba yangu, alikuja akaizunguka yote, akagusa ukuta, akasema "Endelea," na bibi yangu akauliza kwani haijaisha? Mimi siku hiyo nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Kusahau kulianza kama mchezo. Alikuja kwangu kuomba jeki yake ambayo sikuwa nayo. Akaniuliza habari ya baba yangu, na baba tulimzika naye akisoma neno la rambirambi kaburini. Asubuhi moja alivaa koti, akaendesha hadi shule aliyofundisha, akagonga kengele, watoto wakatoka mbio wakadhani ni mapumziko. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa mwanafunzi wake. Unadhani alimwambia nini? Alimkaribisha chai ofisini, akawaacha watoto wacheze.

Hapo ndipo utaona shida yetu. Kila mtu ambaye angeweza kumwambia huyu mzee "acha kuendesha" alikuwa amekaa mbele yake akiwa na kaptula. Askari wa barabarani pale njia panda? Alimfundisha. Akiona pikapu anasimama wima, anapiga saluti, anaipungia ipite. Chifu? Alimfundisha, na hakumfundisha kwa urahisi. Pasta alijaribu kupitia kwa Mungu. Akaombea "wasafiri wote, hasa walioendelea kwa umri," na Mwalimu akaitikia amina kubwa kuliko wote, akidhani ni mtu mwingine. Mama Mwalimu alimpeleka Kericho kwa daktari, na daktari naye, nikuambie, alimfundisha. Daktari akasema kwa upole, "Mwalimu, ingefaa upunguze kidogo kuendesha." Mwalimu akamuuliza, "Nipunguze kwa asilimia ngapi?" Mama Mwalimu alinisimulia akicheka, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikawa nimeshika kikombe sijui niangalie wapi.

Binti kutoka ng'ambo alisema kwenye simu ficheni funguo. Ni rahisi kusema ukiwa ng'ambo. Mama Mwalimu alizificha ndani ya pipa la unga. Mzee alitafuta siku nzima. Alipindua zizi, alipindua kitanda, alitembea barabarani akiinama kuangalia majani, na jioni alikaa kwenye ngazi akasema, "Sasa mimi nimekuwa mtu wa kupoteza vitu." Mama aliingia ndani, akatia mkono kwenye unga, akamletea. Mimi nilichomoa waya wa betri. Oi! Aliuona mara tu alipofungua boneti, akafurahi kama amepewa peremende. "Nani amenipa zoezi?" akauliza. Akaurudisha, akaniangalia. "Jaribu gumu zaidi."

Halafu ikawa siku ile ya kituoni. Bibi yangu alikuwa pale kwenye foleni na kikapu chake, na wanawake wengine wa huku, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Pikapu ilishuka bila honi, bila kupunguza, ikapita kona, ikatoka barabarani kabisa, ikaja kwenye nyasi walipokaa. Bibi yangu anasema hakuna aliyepiga kelele, hapakuwa na muda. Ikasimama. Bampa ilikuwa imegusa kikapu, majani yakamwagika. Zilikuwa breki nzuri, nani atakataa? Gari lingine lolote lingewapita juu. Mwalimu akashuka, akawaangalia, akauliza, "Kwa nini mmekaa barabarani?" Na wao, watu wazima, wakaomba msamaha. Wakainuka wakaokota majani.

Jioni hiyo bibi yangu hakupika. Alikaa tu. Baadaye akasema, "Baba Chebet, wewe utaongea na yeye. Wewe ndiye jirani."

"Nitaongea."

"Sio kesho kutwa. Kesho."

"Nimesema nitaongea."

Kesho yake nikabeba maziwa ya kuganda kwenye kibuyu, nikaenda. Tuliongea juu ya ugonjwa wa kwato. Tuliongea juu ya bei ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilifungua mdomo mara kadhaa, na kila mara aliniangalia kwa yale macho ya kungoja jibu, na mimi nikajikuta nasema kitu kuhusu mvua. Nilirudi nyumbani, bibi yangu akaniangalia usoni, akajua. Niliona aibu ya mtu aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu.

Kutoka siku hiyo, kila nikisikia injini ile ikiwaka kule juu nilikuwa naacha kazi nasimama, nahesabu kona kwa masikio mpaka isikike imefika ng'ambo. Nani angefanya kazi hivyo? Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira naye, tena hasira kali, halafu anaita "Dirisha!" na hasira inayeyuka, na ninachukia inavyoyeyuka.

Wakati wa mvua nyingi, pikapu ilianza kutetemeka ikifunga breki, usukani unacheza mikononi. Hiyo ni dalili ya diski kupinda, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Akanunua diski na pedi mpya Kericho. Jumamosi nikasikia nyundo, nikapanda. Nilipofika kando ya zizi nilisimama.

Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa nje. Kalipa zote mbili zimetolewa. Bolti za kushoto na za kulia zilikuwa kwenye gunia moja, hazina namba, hazina chaki. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ameshika spana, anaangalia upande huu, anaangalia upande ule.

Nikakaa pale ninapokaa siku zote. Nilikuwa na mambo mawili moyoni, na nitayataja yote. Niliogopa, kwa sababu nilijua maana yake. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu gari lililo juu ya magogo haliendi popote.

"Nikusaidie, Mwalimu?" hatimaye nikauliza.

"Kaa," akasema.

Pikapu ilibaki hivyo. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Diski mpya zikaota kutu ya rangi ya chungwa. Kuku akataga ndani ya gurudumu. Na kilima chote kikapumua. Watu walishuka na vikapu wakakaa kwenye nyasi kama zamani. Mama Mwalimu alisimama kanisani akashukuru bila kusema ni kwa jambo gani, na kanisa zima likaitikia kwa sababu lilijua. Maziwa yao, yaliyokuwa yakipelekwa na pikapu, mimi nilikuwa nayabeba pamoja na yangu kwa pikipiki. Mwalimu alikuwa akitoka kila asubuhi, anakaa kwenye stuli kando ya gunia, anachukua bolti, anaipangusa, anairudisha. Tulisema amesahau kufunga. Tulisema kwa huruma, lakini tulisema kwa shukrani.

Alasiri moja, baada ya mvua ya mawe, aliniita. Hakuita kwa sauti ya ua. Alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu, akanichukua mkono, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Mawe yalikuwa bado meupe chini ya michai. Tukaenda mpaka kwenye gari.

"Mnasema nimesahau kufunga," akasema.

"Hapana, Mwalimu, hakuna mtu..."

"Nyamaza. Hii ni kalipa ya kushoto." Akaiinua. "Unajuaje? Tundu la kutolea hewa. Lazima likae juu, kwa sababu hewa hupanda. Ukilibadilisha upande litakuwa chini, utatoa mafuta mpaka kesho na hewa itabaki ndani. Hii ni ya kulia. Hizi bolti ndefu ni za hapa. Najua kufunga, Dirisha. Nilipoteza siku moja, ile siku ulinikuta. Kesho yake nikajua tena."

Nikamuuliza basi mbona hajafunga.

Akakaa kwenye stuli. "Kule kituoni," akasema, "sikujua kanyagio la breki ni lipi. Niliwaona watu, nikajua ni watu, nikajua lazima nisimame, na sikujua kwa kitu gani. Mguu ndio ulijua. Mimi nilikuwa nimekaa tu kama abiria." Akachukua bolti, akaipangusa. "Nikiifunga hii gari nitaiendesha. Najijua. Kwa hivyo siifungi."

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa naona haya, nikajifanya nafuta pua.

"Lakini kuna siku zingine," akaendelea, "ninaamka nikiwa sijui niliamua hivi. Ninaona gari imefunguliwa na nashangaa ni mjinga gani ameiacha. Siku kama hiyo nitaifunga. Na hiyo siku wewe utanikataza."

"Mimi?"

"Nani mwingine yuko hapa? Utasema hapana. Sema."

"Hapana."

"Watu wa mstari wa nyuma hawajasikia."

"Hapana, Mwalimu."

"Ondoa Mwalimu. Ukisema Mwalimu nitakushinda. Sema hapana peke yake."

Nilijaribu. Nakuapia nilijaribu. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na kuku, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniomba. Neno la kwanza lilitoka, na lile la pili likalifuata lenyewe. Akanirudisha tena. Ikatoka vilevile. Akanijaribu mpaka jua likaelekea kuzama, akachoka, akanigonga begani.

"Utafanya mazoezi nyumbani," akasema.

Nilifanya. Nilisema kwa ng'ombe, nilisema kwenye michai. Bibi yangu alinisikia akaniuliza nagombana na nani.

Sitaki kuongeza chumvi kwa yaliyofuata. Ilikuwa siku ya kupima majani, asubuhi, jua zuri. "Dirisha! Uko? Njoo unikanyagie breki." Nikakimbia, na nilipokuwa nikikimbia nilikuwa tayari najua. Pikapu ilikuwa imekaa chini kwa magurudumu yake yote. Magogo yameviringishwa kando. Mikono ya Mwalimu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na uso wake ulikuwa umefurahi, sijawahi kumwona amefurahi hivyo.

"Kuna mjinga aliiacha wazi," akasema. "Kutu kila mahali. Nimepiga msasa, nimefunga. Ingia, tumalizie kutoa hewa."

Mama Mwalimu alikuwa kwenye mlango wa jikoni ameshika mwiko. Aliniangalia mimi, si yeye.

Nikaingia nikakaa kwenye usukani. Funguo zilikuwa hapo. Yeye akalala chini kando ya gurudumu na chupa yake ya mafuta ya breki. "Kanyaga. Shikilia. Achilia. Kanyaga." Nikakanyaga. Nikawa naomba kimoyomoyo kanyagio lizame, nisikie ile hali ya sifongo, awe amekosea mahali, awe amebadilisha kushoto na kulia, ili nipate sababu ya kumwambia kuna kitu hakiko sawa. Kanyagio likawa gumu. Likasimama juu, imara, kama gari jipya. Hakukosea hata kidogo.

Akainuka, akajipangusa kwa kile kitambaa, akaja mlangoni.

"Sogea," akasema.

"Hapana, Mwalimu."

Ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Aliniangalia kwa mshangao, kisha kwa huzuni, macho ya mtu aliyetukanwa na mtoto aliyemlea. "Ni nani amekufundisha kumjibu mtu mzima namna hiyo?"

Ningemwambia ni wewe. Angeniamini? Nilitafuta uso wake wote nikimtafuta yule wa alasiri ile ya mvua ya mawe, aliyenishika mkono, na hakuwemo. Aliyekuwemo alikuwa anangoja kiti chake.

Nikasogea. Nikafunga mkanda.

Tulishuka. Aliendesha vizuri, hilo lazima niliseme, polepole, gia ya pili, mikono miwili. Kwenye kona nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa tumefika kituoni, na watu walikuwa wameona pikapu. Hakuna aliyekimbia. Waliinuka wote kwa pamoja, wakabeba vikapu vyao, wakavuka hadi ng'ambo ya mtaro, wakapanga foleni upya kule kwenye tope, kisha wakageuka wakamsalimu. Bibi yangu alikuwa wa tatu. Aliniona nimekaa pale mbele.

Mwalimu akakanyaga breki, gari likasimama papo hapo, bila kutetemeka, bila sauti. Akawapungia mkono. Akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Ziko tayari," akasema. "Kesho uje mapema, twende Kericho."

Bibi yangu alikuwa bado ananiangalia, kikapu mgongoni, akingoja kuona nitasema nini.

"Sawa, Mwalimu," nikasema.